Tuta la Shule Halihitaji Lori la Udongo

Muhula uliopita nilialikwa na walimu wa shule moja karibu na Litein nizungumze na wanafunzi kuhusu uandishi wa insha. Nilipofika, nilikuta lundo la mchanga wa mtoni kando ya lango, na mwalimu wa Kilimo amejiinamia. Alikuwa ameagiza "lori moja la mchanga" ili ajaze matuta manne yaliyozungushiwa mbao, naye mwenye lori akamletea mchanga hasa, ule wa kujengea nyumba. Nilicheka, kisha nikakoma. Fedha zile zilichangwa na wazazi, na wengi wao ni wachumaji wa majani chai.

Nchini mwetu neno mchanga limebebeshwa mzigo usio wake. Kila kinachochafua kiatu huitwa mchanga, hata na wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Mwenye lori hana kosa. Mchanga ni chembe zisizoshika maji wala rutuba, ilhali udongo una madini, hewa, maji na mabaki ya viumbe.

Hata hivyo, lau angeleta udongo mweusi wenyewe, ningeshikilia vivyo hivyo kuwa fedha zimepotea. Tufanye hesabu. Tuta la mita 2 kwa mita 1, lenye kimo cha sentimita 30, huchukua lita 600, yaani madebe 30. Theluthi ya chini haihitaji udongo kamwe: hujazwa vijiti, mabua ya mahindi na migomba iliyokatwakatwa, vitu ambavyo huoza polepole na kuhifadhi maji. Visichanganywe na udongo wa juu, kwani vijidudu vinavyoviozesha hunyakua naitrojeni ambayo mboga ingeitumia. Madebe 20 yaliyosalia yawe 12 ya udongo wa juu, uliochimbwa papo hapo kwenye vijia vya kati ya matuta, na 8 ya samadi iliyooza. Kwa matuta manne hayo ni madebe 32 ya samadi. Katika eneo hili la ng'ombe wa maziwa, wanafunzi 64 wakileta nusu debe kila mmoja, kazi imekwisha.

Ugumu uko kwingine. Kericho na Bomet ni nchi ya chai, na chai hustawi katika udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi. Sukuma wiki na kabichi hupendelea 6 na zaidi kidogo. Msomaji asilidharau pengo hilo, kwa maana kila hatua moja ya kipimo hiki ni tofauti ya mara kumi. Isitoshe, mashamba ya chai yametiwa mbolea ya NPK kwa miaka mingi, na amonia iliyomo huzidisha asidi. Udongo wa chini ya michai unaweza kuwa mwekundu wa kupendeza, na mboga ikadumaa ndani yake.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, au majivu ya kuni. Viwanda vya chai huchoma kuni za mikaratusi ili kukausha majani, kwa hiyo majivu si haba. Kikombe kimoja kikubwa kwa mita moja ya mraba chatosha kuanzia, kisha udongo upimwe tena. Majivu yasichanganywe na samadi mbichi, la sivyo naitrojeni itapaa hewani.

Mzazi mmoja alipendekeza magunia ya udongo kutoka Msitu wa Mau. Nilimpinga bila haya. Ukanda wa chai wa Nyayo ulianzishwa mwaka 1986 ili kuuzuia ubinadamu wetu usiule msitu ule, na vijito vya mto Sondu huanzia humo. Shule haiwezi kufundisha utunzaji wa udongo kwa udongo wa wizi.

Mwezi uliopita nilipita tena. Mchanga umesakafia choo cha wavulana. Matuta yamejazwa na kupandwa, ila baada ya mvua yalishuka kiasi cha kiganja, na watoto wa gredi ya 7 wakamkimbilia mwalimu wakidai udongo umeibwa usiku. Aliwafukulia kona moja wakaona mabua yalivyooza, kisha akawatuma nyumbani kuleta samadi zaidi.