Je, Wajua? Kabla Hujahama Kampuni ya Intaneti Birmingham, Pima Kwanza Nyumbani Kwako

Je, wajua kwamba mkazi wa Birmingham anaweza kuhama kampuni ya intaneti, akaletewa ruta mpya na bili yenye nembo nyingine, na bado akabaki kwenye waya uleule uliokuwa ukimsumbua? BT, Sky, TalkTalk, Plusnet na kampuni nyingine nyingi za Uingereza hazichimbi mitaro yao wenyewe mitaani. Hukodi njia za Openreach, kampuni iliyo ndani ya kundi la BT lakini inayotakiwa kuzihudumia zote bila upendeleo. Kama tatizo lako ni waya mkongwe unaotoka kwenye kabati la kijani barabarani hadi mlangoni, na kampuni mpya inakuuzia huduma ya waya huohuo, utakuwa umebadilisha mtu wa kumlipa tu.

Virgin Media ni habari nyingine, kwa sababu ina mtandao wake. Asili yake ni kebo za televisheni zilizofukiwa chini ya barabara za miji mingi ya Uingereza, Birmingham ikiwemo. Kampuni za kebo za NTL na Telewest ziliungana mwaka 2006, na mwaka uliofuata zikachukua jina la Virgin Media. Baadhi ya majengo ya ghorofa mjini yana pia kampuni ndogo zilizoingiza faiba yao wenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka kuhama si bei. Ni hili: njia gani za intaneti zinafika kwenye nyumba yangu, na hii ninayouziwa inapita kwenye ipi?

Jibu linapatikana bure. Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano Uingereza, ina ukurasa wa kukagua huduma zinazopatikana kila mahali. Lakini usiishie kwenye postikodi. Postikodi moja hubeba wastani wa nyumba 15 hivi, na nyumba mbili zinazotazamana huenda zikapata kasi tofauti kabisa. Chagua anwani yako kamili, namba ya mlango na yote.

Je, wajua kwamba umbali wa kabati hilo la kijani ndio unaoamua kasi ya wengi? Huduma iliyouzwa kwa miaka mingi kwa jina la faiba ilikuwa faiba hadi kabatini tu. Kutoka hapo hadi sebuleni ni waya wa simu wa shaba. Aliye karibu na kabati anaweza kufikia megabiti 80 kwa sekunde za kupakua na 20 za kupakia. Aliye kilomita moja mbele anaweza kupata chini ya nusu, hata kama wanalipa bei ileile. Na si kila waya ni shaba: miaka ya 1970, shaba ilipopanda bei, sehemu za nchi zilifungiwa nyaya za aluminiamu, ambazo hubeba intaneti vibaya zaidi. Mwenye waya wa namna hiyo chini ya barabara yake hawezi kuuona. Anaona tu picha zinaganda.

Faiba inayofika hadi ndani ya nyumba haina ugonjwa huo. Mwanga haupotezi kasi kwa umbali wa mtaa. Tangu Septemba 2024 mwongozo wa Ofcom unazitaka kampuni ziite faiba ile tu inayofika mlangoni. Mimi naona hatua hiyo ilichelewa mno, kwa maana familia nyingi zililipa miaka na miaka zikiamini zina kitu ambacho hazikuwa nacho.

Kuhusu matangazo ya kasi, sikiliza historia hii fupi. Hadi mwaka 2018 kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ya "hadi" kiwango fulani, mradi tu asilimia 10 ya wateja wake waweze kukifikia. Wateja tisa kati ya kumi wangeweza kukosa, na tangazo lingebaki halali. Ofcom ilipopima kasi halisi majumbani mwaka 2009 ilikuta wastani wa nchi ni megabiti 4.1, wakati matangazo mengi ya siku hizo yalisema "hadi 8". Kuanzia tarehe 23 Mei 2018 sheria za matangazo zilibadilika: kasi inayotangazwa lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja, kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni. Ni nafuu kubwa. Lakini isome vizuri: nusu nyingine bado wanaweza kupata pungufu, na huenda wewe ukawa miongoni mwao.

Ndiyo maana kipimo cha nyumbani kwako kina uzito kuliko tangazo lolote. Na kina adabu zake. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, si kwa waifai. Zima simu za watoto, televisheni na VPN kama unayo. Pima asubuhi, kisha pima tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, kwa siku kadhaa, na kila mara andika namba tatu: kupakua, kupakia, na muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kipimo kimoja cha mchana wa Jumanne hakikwambii lolote. Angalia pia umri wa kompyuta: tundu la kebo la kompyuta nyingi za zamani haliwezi kupitisha zaidi ya megabiti 100, hata ukiwa na mkataba wa megabiti 500, nawe utaitupia lawama kampuni isiyo na kosa.

Tumia vipimo zaidi ya kimoja. Speedtest ya Ookla, iliyoanzishwa mwaka 2006, huchagua seva iliyo karibu nawe, ambayo wakati mwingine imo ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. Fast.com ilitolewa na Netflix mwaka 2016 na hupima njia ya kwenda kwenye seva za Netflix. Vikitofautiana sana usiku, umepata dalili: njia yako ya karibu ni nzima, msongamano uko mbele zaidi. Na usichanganye biti na baiti. Kampuni huuza megabiti, mafaili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 80 ikifanya kazi kikamilifu hushusha megabaiti 10 kwa sekunde. Wengi huona hiyo 10 kwenye kioo na kudhani wameibiwa.

Sasa tuje kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Je, wajua kwamba kifaa kimojawapo kinachovuruga waifai jikoni kina asili yake Birmingham yenyewe? Mwezi Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, wanafizikia John Randall na Harry Boot waliwasha kwa mara ya kwanza magnetroni yao yenye vyumba vya mviringo vilivyotobolewa ndani ya kipande cha shaba. Kidude hicho kilitoa mawimbi mafupi ya redio yenye nguvu kubwa kuliko chochote kilichokuwepo kwa urefu huo wa wimbi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza. Kabla mwaka haujaisha kilivushwa kwa siri hadi Marekani, na rada ndogo za kufungwa kwenye ndege zikawezekana. Baada ya vita, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aliyageuza mawimbi hayo kuwa ya kupikia. Maikrowevu inayopasha wali wako leo ina magnetroni ndani yake.

Maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Waifai ya kizamani, na hata ya leo kwenye vifaa vingi, hutumia bendi ya gigahezi 2.4. Zinagongana. Kiasi kidogo kinachovuja mlangoni mwa maikrowevu hakimdhuru mtu, lakini kinatosha kuitia kwikwi waifai iliyo karibu. Ukiona simu ya video inakatika kila chakula kinapopashwa moto, usiandike barua ya kuvunja mkataba. Hamishia simu kwenye bendi ya gigahezi 5, au iondoe ruta jikoni. Bendi hiyo ya 5 ina kasi zaidi ila hupenya kuta kwa shida, na nyumba za matofali za zamani za Handsworth au Small Heath zina kuta nene kwelikweli. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni kwenye kona ya chini haiwezi kufika chumba cha juu cha nyuma, haijalishi unamlipa nani.

Na kifaa kibovu cha mtu mmoja kinaweza kuwakosesha intaneti watu wengi. Kijiji cha Aberhosan, Wales, kiliteseka miezi 18: kila siku saa moja asubuhi mtandao wa kijiji kizima uliporomoka. Mafundi wa Openreach walibadilisha hadi nyaya, bila nafuu. Mwaka 2020 walizunguka kijijini alfajiri na kipima mawimbi mkononi, na ilipogonga saa moja wakaunasa mlipuko wa kelele za umeme ukitoka kwenye nyumba moja. Ilikuwa televisheni kuukuu iliyowashwa kila asubuhi. Mwenyewe alikubali kutoiwasha tena, na tatizo likaisha siku hiyo. Kwenye nyaya za shaba kelele za namna hii zipo hata mjini. Kwa hiyo ukiona kasi inaanguka saa ileile kila siku, ziandike saa hizo. Kwa fundi zina thamani kuliko malalamiko ya jumla kwamba mtandao ni mbovu.

   

Kwa Mswahili wa Birmingham kuna kipimo kingine ambacho matangazo hayakitaji: simu ya kupiga nyumbani, Afrika Mashariki. Simu ya video ya WhatsApp haihitaji megabiti nyingi. Kinachoiumiza ni kupakia kudogo na ucheleweshaji. Kutoka Birmingham hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75, na mkongo wa baharini haunyooki: unazunguka bara. Hakuna kampuni inayoweza kukuuzia chini ya hapo. Kabla ya mwaka 2009, mikongo ya SEACOM na TEAMS ilipofika pwani yetu, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na sauti ilichelewa kiasi cha watu kuzungumza kwa kupishana. Na tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, Tanzania na Kenya zilizorota kwa siku kadhaa. Aliyekuwa Sparkbrook akimtafuta mama yake Tanga siku hiyo hakuwa na kosa la kulitafuta kwenye ruta yake. Jaribu simu ya video na mtu aliye London kwanza. Ikiwa safi, tatizo haliko kwako.

Ukishapima na kuamua kuhama, kazi yenyewe imekuwa nyepesi. Tangu tarehe 12 Septemba 2024 unazungumza na kampuni mpya peke yake; yenyewe ndiyo inayoiarifu ya zamani. Na kwa mikataba mipya kuanzia Januari 2025, nyongeza za bei za katikati ya mkataba lazima zitajwe kwa pauni na peni siku unayosaini.

Uliza jambo moja kabla ya kukubali: kasi ya chini iliyohakikishwa kwa anwani yangu ni ngapi? Kampuni zilizotia saini kanuni za hiari za Ofcom zinatakiwa kukupa namba hiyo kabla hujanunua. Kasi yako ikishuka chini yake, zina siku 30 za kurekebisha. Zikishindwa, unaondoka bila faini, pamoja na simu na televisheni ulizonunua kwenye kifurushi hicho. Waulize pia kama wametia saini, kwa kuwa si wote waliofanya hivyo. Siku 14 za kubadili mawazo zipo kisheria kwa mkataba wa simu au wa mtandaoni, lakini huanza kuhesabiwa unapokubali mkataba, si fundi anapofika. Akichelewa wiki tatu, siku hizo zimekwisha kabla hujaiona ruta, na kinachobaki mkononi mwako ni ile namba ya kasi ya chini na vipimo ulivyoandika vya saa mbili usiku.