Umbali na Muda wa Safari katika Somo la Hisabati

Mtoto wa Kaloleni, mjini Arusha, akiulizwa Dar es Salaam iko mbali kiasi gani, aghalabu atajibu, "Kwa basi ni kutwa nzima." Jibu hilo si la kubezwa, ila limetaja muda mahali palipoulizwa umbali. Yafaa mwalimu aanzie hapo hapo, kabla ya kuandika kanuni yoyote ubaoni.

Itundikwe ramani ya Tanzania yenye kipimo cha 1:2,000,000, ambapo sentimeta 1 ni kilometa 20. Mwanafunzi mmoja alaze uzi juu ya barabara kupitia Moshi, Same, Korogwe na Chalinze. Mwingine aweke rula kutoka Arusha moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Rula itaonyesha takriban sentimeta 24, yaani kilometa 480. Uzi utazidi sana, kwani barabara, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 600, huelekea kwanza mashariki hadi Moshi, kisha huambaa na milima ya Upare na Usambara. Ndege hailazimiki kuifuata. Pasipo ramani kubwa, atlasi yatosha.

Ndege za pangaboi ziendazo Dar es Salaam kutoka kiwanja cha Arusha, kilichoko Kisongo, hutumia yapata saa moja na robo. Tuchukue wastani wa kilometa 400 kwa saa. Angani ndege huenda kasi zaidi, lakini kupaa na kutua hupunguza wastani huo. Basi 480 kugawanya kwa 400 ni 1.2. Hapa ndipo wengi hujikwaa: huandika saa 1 na dakika 20. Mwalimu asikimbilie kufuta. Aulize: sehemu mbili za kumi za dakika 60 ni dakika ngapi? Ni 12, safari ni ya saa 1 na dakika 12.

Kosa jingine ni ndugu wa hilo. Ndege ikiondoka saa 2:50 asubuhi na kufika saa 4:05, mtoto hutoa 250 katika 405, akapata "saa 1 na dakika 55". Amekopa mia moja, ilhali saa ina dakika sitini. Iliyo salama zaidi, kwa maoni yangu, ni njia ya kuhesabu kwa kupanda: dakika 10 hadi saa 3:00, saa 1 hadi saa 4:00, kisha dakika 5. Jumla ni saa 1 na dakika 15.

Lugha yetu nayo yahitaji uangalifu. "Saa tatu" yaweza kuwa wakati wa siku au urefu wa muda; hapana budi mwalimu aseme "muda wa saa tatu" akikusudia huo wa pili. Tiketi nayo huandika 08:50 kwa saa 2:50 asubuhi. Saa hutofautiana kwa sita, bali muda wa safari haubadiliki.

Wakishayaelewa hayo, wapewe zoezi la abiria wa Kaloleni anayepandia ndege kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, yapata kilometa 50 kutoka mjini. Gari likienda kwa wastani wa kilometa 40 kwa saa, atatumia saa 1.25. Waulizwe hizo ni dakika ngapi, kisha walinganishe na muda atakaokuwa angani.