Taa Iliyoonwa na Jicho Moja

Tarehe 3 Aprili 2014, gari la utafiti la Curiosity lilituma picha ya mawe na vilima kutoka kreta ya Gale katika sayari ya Mirihi. Karibu na upeo wa macho palikuwa na doa jeupe, jembamba, lililosimama wima. Picha ya siku iliyotangulia nayo ilikuwa na doa la namna hiyo. Haukupita muda, picha zile zikawa zimesambaa kila mahali, na maelezo yake yalikuwa mafupi: kuna aliyewasha taa Mirihi.

Ambacho hakikusambaa ni picha pacha. Kamera zinazoliongoza gari hilo ziko mbili mbili, kulia na kushoto, zikiachana kwa sentimita 42 hivi, ili wahandisi wapime umbali wa mawe yaliyo mbele. Kamera ya kulia iliona doa. Ya kushoto, iliyopiga eneo lilelile ndani ya sekunde hiyohiyo, haikuona kitu. Taa halisi inayowaka bondeni ingeonekana na zote mbili.

Justin Maki wa JPL, maabara ya NASA, aliyeongoza kazi ya kamera hizo, alieleza kwamba madoa meupe hujitokeza karibu kila wiki katika maelfu ya picha za Curiosity. Siku zile mbili jua lilikuwa chini, upande uleule wa doa. Huenda jiwe lilirudisha mwanga kwa pembe nyembamba sana, ukaangukia lenzi moja tu. Huenda jua lilipenya kwenye tundu la hewa la kasha la kamera. Na mara nyingi madoa ya aina hii huletwa na miale ya anga za mbali, yaani chembe zenye kasi kubwa. Ndani ya kamera kuna chipu inayohesabu chaji zinazozalishwa na mwanga. Chembe kama hiyo ikiipiga, nayo huzalisha chaji, na chipu haina namna ya kutofautisha. Mirihi ina hewa nyembamba na haina ngao ya sumaku inayoizunguka yote kama Dunia, kwa hiyo chembe hizo hufika kwa wingi.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame. Kabla ya kuuliza picha inaonyesha nini, tuulize imepita wapi hadi kutufikia.

Chukua ile sura maarufu ya Cydonia, eneo la Mirihi. Tarehe 25 Julai 1976, chombo cha Viking 1, kikizunguka Mirihi kutafuta mahali pa kutua mwenzake Viking 2, kilipiga picha ya kilima chenye upana wa kilomita 1.5 hivi. Jua lilikuwa nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho, na vivuli virefu vikachora macho, pua na mdomo. Kila nukta ya picha ilibeba takriban mita 50 za ardhi, kwa hiyo uso mzima ulijengwa kwa nukta 30 hivi kwa upana. Juu ya hayo, data nyingine zilipotea njiani zikiletwa kwa redio, na kila iliyopotea ikaacha kitone cheusi. Kimojawapo kiliangukia pale pale tundu la pua lingekuwa! Aliyeona uso hakuwa mjinga, maana ubongo wa binadamu hutafuta nyuso tangu utotoni. Mwaka 2001 chombo cha Mars Global Surveyor kilipiga kilima hicho kwa usahihi wa chini ya mita mbili kwa nukta: mwamba uliomomonyoka, wenye mabonde na mteremko, na uso haupo.

Picha hupata majeraha mengine ikishafika duniani. Mfumo wa JPEG huikata picha katika vipande vya nukta nane kwa nane, kisha hupunguza taarifa ndani ya kila kipande ili faili liwe dogo. Ikikuzwa na kuongezewa makali, mipaka ya vipande hivyo hujitokeza kama kuta na barabara zilizonyooka. Ikitumwa WhatsApp hubanwa tena, na aliyeipokea mwisho anatazama vitu ambavyo kamera haikuwahi kuviona.

Jeraha baya kuliko yote, kwa maoni yangu, halihitaji hata programu maalumu: ni kukata picha pembeni. Mei 2022 Curiosity ilipiga ufa katika mwamba uitwao East Cliffs, na kipande chake kikasambazwa kama mlango wa kaburi. Vipimo vya ufa huo ni urefu wa sentimita 30 na upana wa 40. Hata mtoto wa miaka miwili angelazimika kutambaa kwa tumbo kupita. Picha kamili inaonyesha nyufa nyingine zikiukata mwamba huo huku na huku, na pale mbili zilipokutana kipande kimechomoka. NASA huweka hadharani picha ghafi za gari hilo, kila moja na jina la kamera na siku iliyopigwa, hivyo yeyote mwenye intaneti anaweza kuutafuta ufa ule na mawe yaliyouzunguka.