Notisi ya Kusitishwa kwa Huduma ya Utengamao: Haki Yako ya Kukata Rufaa

Mgonjwa nchini Marekani aliyevunjika nyonga au kupatwa na kiharusi mara nyingi huhamishwa kutoka hospitalini hadi kituo cha uuguzi na utengamao. Akitimiza masharti ya Medicare ya kawaida, siku 20 za mwanzo hulipiwa zote. Tangu siku ya 21 hadi ya 100 huchangia gharama kila siku. Tunazikumbusha familia kwamba siku 100 ni ukomo, si ahadi. Malipo huweza kusitishwa mapema iwapo itaamuliwa kuwa mgonjwa hahitaji tena huduma ya kitaalamu.

Katika hali hiyo, kituo hutakiwa kutoa notisi ya maandishi angalau siku mbili kabla ya huduma kukoma. Kutia saini ni kuthibitisha kuipokea tu, si kuukubali uamuzi. Asiyeridhika apige simu kwa chombo huru kilichotajwa katika notisi, kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia tarehe ya kukoma. Rufaa haitozwi ada.

Mkielezwa kuwa mgonjwa "haonyeshi maendeleo", fahamuni kwamba hiyo pekee si sababu ya kutosha. Suluhu ya kesi ya Jimmo, iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2013, ilithibitisha kwamba huduma ya kitaalamu inayohitajika ili kuzuia hali isizorote hulipiwa pia. Tunashauri mumwombe daktari aeleze hitaji hilo kwa maandishi siku ileile mnayopokea notisi.