Kumpokea Mtoto Mchanga Atokaye Hospitali, na Haki ya Nduguye Aliyemtangulia

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ampaye amtakaye watoto wa kiume na ampaye amtakaye watoto wa kike. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa baba mpole na babu mpole, na ziwafikie jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninakuusieni, nami nikianza na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika mambo yanayoupima ucha Mungu wa mtu ni yale ayafanyayo ndani ya nyumba yake, mahali ambapo hakuna jirani wala shahidi, ila Mola wake na watoto wake wadogo wasioweza kumshitaki kwa yeyote.

Ndugu zangu Waislamu, somo letu la leo ni jambo linalotokea katika nyumba nyingi za mkoa wetu. Mama wa Hombolo ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake, akapelekwa mjini Dodoma, mwendo wa karibu kilometa 40, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ile ya Benjamin Mkapa. Mtoto amezaliwa kabla ya kutimia wiki 37, au amezaliwa na uzito usiofika kilo 2.5, naye akawekwa katika uangalizi wa waganga siku kumi, au ishirini, au zaidi. Nyumbani amebaki mtoto mwingine wa miaka miwili, mikononi mwa bibi yake, akiuliza kila jioni mama yuko wapi. Kisha siku ya furaha inafika: mama anarudi, na kifuani amembeba mgeni. Je, sheria na mwenendo wa Mtume wetu vinatufundisha nini siku hiyo na zile zinazofuata?

Jambo la kwanza ni kuutambua utukufu wa uhai huo mdogo. Wapo wenye kusema kuwa mtoto wa miezi saba si riziki, na wapo wenye ndimi mbaya wanaohesabu miezi ya ndoa ya watu. Qurani Tukufu imekwisha kuyakata maneno hayo. Katika Sura ya Al-Ahqaf, Aya ya 15, kubeba mimba na kunyonyesha kumetajwa pamoja kuwa ni miezi thelathini. Na katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 233, kunyonyesha kulikotimia ni miaka miwili. Ukitoa miezi ishirini na nne katika thelathini, inabaki sita. Kwa hesabu hiyo Sayyidna Ali (R.A.) alimtetea mwanamke aliyetuhumiwa kwa kuzaa mwezi wa sita tangu kuolewa, naye akasalimika. Wanazuoni wakashika kuwa miezi sita ndio muda mfupi kabisa wa mimba. Basi mtoto njiti ni mtoto kamili mwenye haki zote: jina, nasaba, urithi na huruma, na mama yake ana haki ya heshima yake.

Jambo la pili ni kuzitimiza sunna bila ya kumdhuru mtoto. Baadhi ya wazazi hurudi na huzuni kwamba siku ya saba imepita mtoto akiwa hospitali, hakunyolewa wala hakuchinjiwa. Wasihuzunike. Akika haipotei kwa kupita siku ya saba. Yafaa siku ya kumi na nne, au ya ishirini na moja, au baadaye. Na asiyekuwa na uwezo wa mbuzi hadaiwi. Kunyoa nywele nako kungojee mpaka mganga aseme kuwa mwili wake unaweza kustahimili. Ama tahniki, yaani kumlambisha mtoto tende iliyotafunwa, hiyo ni sunna iliyothibiti, lakini si faradhi. Na mtoto ambaye tumbo lake ni changa mno na kinga yake ni dhaifu asitiwe kinywani kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa. Kuondoa madhara ni msingi mkuu katika sheria yetu, na sunna haifuatwi kwa njia ya kumdhuru yule aliyewekewa sunna hiyo. Mwadhinie kwa sauti ya upole, mwombee, mpe jina zuri. Hayo hayana madhara, na baraka zake ni nyingi.

Jambo la tatu ni kuihifadhi amana. Mtoto wa namna hii hushindwa kuutunza ujoto wake mwenyewe. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, waganga waliokuwa na mashine chache za kuwatia joto watoto walianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo imeenea ulimwenguni, hata katika hospitali zetu, nayo huitwa njia ya kangaruu. Iendelezwe nyumbani, na baba naye ashike zamu, maana kifua chake kina joto kama cha mama. Ardhi yetu hii ya Ugogo ina upepo mkali na vumbi, na usiku wa mwezi wa Juni na Julai una baridi kali. Mtoto avishwe kofia na soksi. Lakini mtu asiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa milango na madirisha, kwani hewa yake yenye sumu huua watu wakiwa usingizini. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe majivu wala mafuta. Wageni wanawe mikono kwa sabuni, wasimbusu mtoto, na mwenye kikohozi aombe dua akiwa mlangoni. Hiyo si dharau kwa mgeni. Na mtoto akikataa kunyonya, au akipumua kwa haraka na kifua kikibonyea, au akiwa na homa, au mwili ukawa wa baridi, au akishikwa na degedege, au viganja na nyayo vikawa vya manjano, au kitovu kikatoa usaha, asingojewe mpaka asubuhi. Arudishwe hospitali saa ile ile.

Sasa, ndugu zangu, nawaombeni masikio yenu kwa jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha hotuba hii. Nyumba inayompokea mtoto kutoka hospitali inapokea watoto wawili. Mmoja ametoka hospitali, na wa pili alikuwepo nyumbani siku zote hizo. Naye pia anahitaji kupokewa, kwa kuwa aliyempoteza kwa wiki tatu ni mama yake, na sasa mama amerudi akiwa na mwingine kifuani.

Mtoto wa miaka miwili hajui maana ya njiti wala hospitali. Anajua kuwa mama aliondoka usiku, na kwamba alipolia hakuja. Kwa hiyo msistaajabu akimkimbia mama yake siku ya kwanza, au akirudi kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au akitaka titi alilokwisha kuachishwa, au akimpiga mdogo wake. Huo si uovu wala si jicho la husuda. Ni msiba wa mtu mdogo asiyekuwa na maneno ya kuueleza.

Tazameni Sura ya Yusuf, Aya ya 8. Ndugu zake Yusuf waliona kuwa yeye na nduguye wanapendwa zaidi na baba yao, na kutokana na fikra hiyo likazuka shauri la kisima. Nabii Yaqub (A.S.) hakuwa dhalimu, yeye alikuwa Mtume, lakini jicho la mtoto huona lake, na yule anayejiona amesahauliwa huumia kama aliyesahauliwa kweli. Ikiwa nyumba ya Mtume haikusalimika na jambo hilo, sisi yatupasa tuwe na hadhari zaidi.

Na tazameni nyumba ya Bibi Fatma (R.A.). Sayyidna Hasan alizaliwa mwaka wa tatu wa Hijra, na Sayyidna Husein mwaka wa nne. Basi Husein alipozaliwa, Hasan alikuwa bado mdogo sana. Mtume (S.A.W.) aliwachinjia wote wawili. Siku moja alikuwa juu ya mimbari akihutubia, wakaja wawili hao wamevaa kanzu nyekundu, wakitembea na kujikwaa. Akaikata hotuba, akashuka, akawabeba wote wawili, akawaweka mbele yake, kisha akaendelea. Nasi, je, tunashindwa kuyakatiza mazungumzo ya barazani kwa ajili ya mtoto anayelia?

Imamu Ahmad amepokea pia kwamba mmoja wa wajukuu hao aliomba kinywaji, Mtume akasimama akamkamua mbuzi wao. Mwingine akaja mbio, Mtume akamweka kando kwa upole. Bibi Fatma akauliza kama yule wa kwanza ndiye apendwaye zaidi. Akajibu kuwa sivyo, ila yeye ndiye aliyetangulia kuomba. Hapa pana elimu kubwa kwa wazazi. Mtume hakuwagawia watoto kwa kipimo cha mapenzi. Aliwagawia kwa haki na zamu, na akaueleza uadilifu wake waziwazi ili moyo wa mwingine usivunjike. Na alipokuja Bashir, baba yake Nuuman, kumshuhudisha zawadi aliyompa mwanawe huyo peke yake, Mtume alimwuliza kama wengine nao amewapa mfano wake. Aliposema hapana, alikataa kuwa shahidi, akaamrisha uadilifu baina ya watoto.

Uadilifu huo ufanywe vipi katika nyumba yetu? Siku ya kurudi, mtoto mchanga na abebwe na bibi au na baba, ili mama aingie na mikono mitupu, amkumbatie mkubwa kwanza, amwite kwa jina lake. Kisha wote waketi chini, naye aonyeshwe mdogo wake na amguse mguu akiwa amekwisha nawishwa mikono. Apewe kazi ndogo iwezayo kumpa cheo: alete khanga, alete kofia ya mtoto, aitikie amin wakati wa dua. Mama anapomnyonyesha mdogo, mkubwa aketi ubavuni asimuliwe hadithi. Kila siku baba amchukue, hata kwa robo saa, wakatazame mbuzi au watembee kuelekea bwawani, wakiwa wao wawili tu. Wala wasiachwe peke yao chumbani, mkubwa na mchanga, kwa kuwa mkono wa mtoto hauna kipimo.

Na tujihadhari na mizaha. Jirani huingia akacheka, akamwambia mkubwa kuwa sasa mama si wake tena, amenyang'anywa. Maneno hayo kwa mtu mzima ni kichekesho, lakini kwa mtoto ni hukumu. Wala asihimizwe kila saa kuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Miaka miwili si utu uzima.

Lipo na jambo la chakula, nalo ni la uhai. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliueleza ulimwengu ugonjwa wa utapiamlo uitwao kwashiorkor. Jina hilo aliliokota kwa wenyeji, na maana yake ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake anapozaliwa mwingine. Hao wenyeji walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mkubwa aachishwapo ziwa ghafula, akabakiziwa uji mtupu, huvimba miguu na kudhoofu. Kwetu Dodoma ugali wa uwele na mlenda ni chakula chema, lakini haumtoshi mtoto huyo peke yake. Aongezewe maharage, karanga, yai, maziwa au dagaa. Na ikiwa hajatimiza miaka miwili, Aya ile ya 233 imemwekea haki: kuachishwa kabla ya muda huo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baba na mama, wala si kwa pilipili na vitisho. Mama mwenye afya anaweza kuwanyonyesha wote wawili, mradi mchanga atangulie. Naye mchanga aendelee na maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita.

Aya hiyo hiyo imekataza mama asitiwe madhara kwa sababu ya mwanawe, na ikamwekea baba jukumu la chakula na mavazi. Enyi akina baba, mama aliyelala wiki tatu katika kiti cha hospitali hakurudi kutoka matembezini. Teka maji, kata kuni, mpishie. Mwaka 2025 sheria za kazi za nchi yetu zilirekebishwa ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Haifai serikali impumzishe, kisha mumewe amchoshe. Na enyi akina bibi, mliomlea mkubwa siku hizo zote, ujira wenu uko kwa Mwenyezi Mungu. Msimwondokee mjukuu siku anayorudi mama. Kaeni naye kidogo, asipoteze wawili kwa kumpata mmoja.

Ndugu zangu, wageni watauliza habari za mtoto, na wote watamkusudia mchanga. Basi yule ajuaye Sunna ya Mtume wake na ainame, amwulize hali mkubwa pia.

Ewe Mola wetu, wape afya watoto wetu waliozaliwa kabla ya wakati wao, na wale walioko hospitali warejeshe salama majumbani. Wape subira wazazi ambao mikono yao imerudi mitupu, na uwajaalie watoto wao kuwa waombezi wao Siku ya Kiyama. Tia mapenzi baina ya ndugu, utuepushe na upendeleo tuujuao na tusioujua, na utujaalie wake zetu, waume zetu na vizazi vyetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.