KWA NINI ASALI YANGU ILIZUIWA KWENYE UKAGUZI

Wafanyabiashara wenzangu, somo hili mimi nimelilipia, wewe lichukue bure.

Nauza asali ya Katavi mtandaoni, niko hapa Mpanda. Mteja wa Dar alitaka chupa sita za shughuli, haraka, nikatuma kwa ndege. Shemeji akaniomba nimwekee humo humo simu mbovu na chaja, ziende kwa fundi. Nikazichomeka katikati ya chupa. Boksi likazuiwa. Shughuli ikapita, nikarudisha 90,000 ya watu.

Shida ilikuwa nini? Mashine ya ukaguzi inapiga eksirei. Miale inayopenya mzigo inachora kivuli upande wa pili, na chuma ndicho kinachoonekana vizuri zaidi. Ila miale mingine ikigonga kitu inatawanyika, na baadhi inarudi ilikotoka. Mmarekani Arthur Compton alieleza mtawanyiko huo mwaka 1923, akapata Nobel mwaka 1927.

Zipo mashine zinazonasa miale hiyo inayorudi. Kwenye hizo asali, unga, sabuni na plastiki vinang'aa, kwa sababu vinarudisha miale mingi. Chuma kinaimeza, kinatokea cheusi.

Sasa hapa ndipo penye kazi: vilipuzi vingi navyo viko kundi la asali, si la chuma. Mashine haionji utamu! Januari 2010 uwanja wa ndege wa Bakersfield, California, ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya chupa za asali kwenye begi la abiria. Sasa ongeza betri na waya kama nilivyofanya mimi. Mkaguzi akiona picha ile, atakuachia?

Fanya hivi:

1. Asali iende peke yake. Simu, chaja na betri boksi lingine.
2. Panga chupa mstari mmoja, zisipandane, kila moja ionekane.
3. Andika nje kilichomo, idadi na namba yako. Simu isizimwe mpaka mzigo ufike.
4. Uliza kabla ya kufunga kama wanapokea vimiminika.

Na mteja akiuliza kama asali imeharibiwa na mionzi, mjibu bila wasiwasi: eksirei ya ukaguzi inapita tu, haibaki kwenye chakula.

Siku hizi boksi la mteja ni la mteja. Hata shemeji anajua.