Majirani Wanajifunza Kichina: Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye

Mwezi Desemba mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika bara zima la Afrika. Mwezi uliofuata, Januari 2006, Redio China Kimataifa ikafungua mjini humo kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China, kikitangaza kwa Kiingereza, Kiswahili na Kichina. Rwanda ilipata taasisi yake mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Makerere kikafuata mwaka 2014, na mwaka 2019 Uganda ikaanza kufundisha Kichina katika baadhi ya shule zake za sekondari. Nchini Tanzania vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam vilifungua milango ya masomo hayo mwaka 2013. Katika muda wa chini ya miaka ishirini, lugha ambayo wazee wa eneo hili waliijua kwa kuwasikia mafundi wa reli tu imekuwa somo lenye walimu, vitabu na mitihani.

Jambo hili haliwahusu wanafunzi peke yao. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwezi Mei mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya Kichina. Huko Bukavu, mashariki ya Kongo, wahandisi na waganga wa jeshi la China walianza kazi ya kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003. Kati ya Julai na Agosti mwaka 2024 majeshi ya Tanzania, Msumbiji na China yalifanya zoezi la pamoja katika ardhi ya Tanzania. Kwa hiyo askari wa eneo hili hakutani na mzungumzaji wa Kichina katika kumbi za mabalozi. Hukutana naye kwenye lango la bandari, kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye uwanja wa mafunzo, na pengine kwenye meza ya kuandikia maelezo katika kituo cha polisi.

Walimu wengi wa Kichina wanaowafundisha wageni hutumia njia tatu zinazopendwa: methali, maneno ya kila siku, na nyimbo. Ni njia nzuri, kwani humfanya mwanafunzi ajisikie kwamba ameingia nyumbani mwa wenye lugha badala ya kusimama mlangoni na kamusi mkononi. Lakini kila moja hufundisha jambo moja na kuficha jingine. Kwa mfanyabiashara au mtalii madhara ya kutolijua hilo ni kuchekwa tu. Kwa mtu aliyevaa sare, madhara yake yanaweza kuwa mtu asiye na hatia kulala mahabusi.

Kichina sanifu, ambacho Wachina wenyewe hukiita Putonghua, yaani lugha ya wote, kina toni nne. Toni ya kwanza iko juu na imenyooka. Ya pili hupanda. Ya tatu hushuka na kukaa chini, na pengine huinuka kidogo mwishoni. Ya nne huanguka ghafla, kama msimamizi wa gwaride anavyoikata amri yake. Kubadilisha toni ni kubadilisha neno lenyewe. Mǎi, kwa toni ya tatu, ni kununua. Mài, kwa toni ya nne, ni kuuza. Mái, kwa toni ya pili, ni kufukia ardhini. Katika shauri la pembe za ndovu au la mali ya wizi, tofauti kati ya aliyenunua, aliyeuza na aliyefukia ndiyo shauri lenyewe.

Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ingawa kina kivuli chake: barabara ya kupitisha magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutenganishwa na mkazo wa sauti tu. Zaidi ya hayo, Mswahili anapouliza swali huinua sauti mwishoni. "Umeuza" ni taarifa, "Umeuza?" ni swali, na hakuna neno lililoongezwa. Hapo ndipo anapoteleza. Akiipeleka desturi hiyo katika Kichina na kuinua sauti kwenye neno mài, hatakuwa ameuliza kama mtu ameuza, bali atakuwa ametamka neno la kufukia. Kichina huweka neno dogo ma mwishoni mwa sentensi ili kuonyesha kuwa ni swali, na maneno yaliyotangulia hubaki na toni zake.

Si kila mwana wa Afrika Mashariki anayeanza somo hili mikono mitupu. Kiganda, Kikuyu na Kinyarwanda ni lugha zenye toni, na nchini Tanzania ndivyo ilivyo kwa Kihaya, Kichagga na Kisukuma. Askari aliyelelewa kwa mojawapo ya lugha hizo ana sikio lililokwisha kuzoezwa tangu utotoni, ila hajaambiwa kwamba analo. Kwa upande wa maandishi, China iliidhinisha mwaka 1958 mfumo wa kuandika matamshi kwa herufi za Kirumi, uitwao Pinyin, ambao huweka alama ya toni juu ya irabu. Vijitabu vingi vya wasafiri huziacha alama hizo ili kurahisisha uchapaji. Kijitabu cha namna hiyo kisinunuliwe.

Katika njia zote tatu, maneno ya kila siku ndiyo yenye faida ya haraka zaidi, na humo mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati kubwa kuliko Mzungu. Kiswahili kina "pole na kazi", maneno ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina njia nyepesi ya kuyasema. Kichina kinayo. Xīnkǔ le, ambayo kwa asili yake ni ukali na uchungu, huambiwa mtu aliyefanya kazi ngumu, naye husikia kwamba taabu yake imeonekana. Jeshi la China hulitumia neno hilo hata katika gwaride kuu. Tarehe 1 Oktoba mwaka 1984, Deng Xiaoping alipokagua majeshi mjini Beijing akiwa ndani ya gari la wazi, aliwasalimu askari, kisha akawaambia maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "Ndugu, poleni na kazi!" Nao wakajibu kwa pamoja kwamba wanawatumikia wananchi. Neno alilowaitia, tóngzhì, lilikuwa na uzito uleule wa "ndugu" katika miaka ya Ujamaa. Hata sasa lina nafasi yake jeshini na katika Chama, lakini vijana wa mijini wamelipa maana nyingine kabisa, kwa hiyo mgeni asilitumie ovyo sokoni.

Kuna maneno mengine ambayo yakifasiriwa neno kwa neno huleta kizaazaa. Mzee wa Kichina anaweza kumsalimu mtu kwa kumwuliza, Nǐ chī le ma, yaani "Umekula?" Askari wa zamu langoni asije akadhani anaalikwa chakula, wala kwamba anajaribiwa kwa rushwa, ni maamkizi tu, kama "habari za kutwa". Màn zǒu, "nenda taratibu", huambiwa mgeni anayeaga, wala si onyo la mwendo kasi. Méi wèntí, "hakuna tatizo", husemwa kwa adabu mara nyingi kwa siku. Mtu akilitamka mbele ya polisi, haina maana kwamba ameelewa alichoulizwa, sembuse kwamba amekikubali.

Methali ni jambo jingine. Kichina kina hazina kubwa ya misemo ya silabi nne nne, na mingi imebeba kisa cha kale ndani yake. Mwanafunzi wa Kiswahili huipenda mara moja, kwa kuwa humo hukutana na watu anaowafahamu. Duì niú tán qín ni kumpigia ng'ombe kinanda, na hakuna Mtanzania asiyejua kumpigia mbuzi gitaa. Rù xiāng suí sú, ukiingia kijijini fuata desturi zake, ni jirani wa karibu wa ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Methali hizi ni zoezi bora la toni: ni fupi, silabi zake zinahesabika, na zinaweza kurudiwa na kikosi kizima kama hatua za gwaride, moja, mbili, tatu, nne. Pengine hakuna zoezi linalozishinda kwa kazi hiyo.

Hata hivyo kufanana kwake na methali za Kiswahili kunaweza kupotosha. Wáng yáng bǔ láo maana yake ni kutengeneza zizi baada ya kondoo kupotea. Mswahili akiisikia hukimbilia majuto ni mjukuu, akadhani anasutwa kwa kuchelewa. Mchina anakusudia kinyume chake: kondoo mmoja amekwenda, basi tengeneza zizi leo, kwani bado wengine wamebaki. Mkufunzi wa Kichina akimwambia hivyo askari aliyekosea katika mazoezi, anamtia moyo, naye askari anaweza kuondoka amenuna. Tena methali nyingi zimejengwa kwa Kichina cha kale, chenye maneno machache kuliko usemi wa leo. Mtu anaweza kujua methali hamsini asiweze kumwuliza dereva anakotoka.

Nyimbo ndizo zinazopendwa kuliko vyote. Majeshi yamejua kwa muda mrefu nguvu ya wimbo katika kufundisha. Kila aliyepita mchakamchaka anaijua. Katika miaka ya 1930 Jeshi Jekundu la China, ambalo wengi wa askari wake walikuwa wakulima wasiojua kusoma, lilizitia katika wimbo kanuni zake za nidhamu, zikiwemo za kutopora mali ya raia, na kanuni hizo zikakaa vichwani mwao. Katika nyimbo za starehe, jina linalotajwa kwanza madarasani ni la Deng Lijun, mwimbaji wa Taiwan aliyezaliwa mwaka 1953 na kufariki mwaka 1995. Aliimba taratibu, kwa matamshi safi, na wimbo wake uitwao "Mwezi Unawakilisha Moyo Wangu" ni miongoni mwa nyimbo za kwanza ambazo wageni hujifunza. Wasikilizaji wa jeshini watapenda kujua kwamba askari wa Taiwan walimpa lakabu ya mpenzi wa jeshi, na kwamba sauti yake ilirushwa kwa vipaza sauti vikubwa kutoka kisiwa cha Kinmen kuelekea China bara, kama silaha ya propaganda. Huko bara nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watu walizipitisha kanda zake mkono kwa mkono, na kwa vile jina lake la ukoo lilikuwa sawa na la kiongozi wa nchi, wakatania kwamba mchana wanamsikiliza Deng mkubwa na usiku Deng mdogo.

Lakini wimbo una hila yake. Katika nyimbo za kisasa za Kichina sanifu, lahani ndiyo inayotawala, na toni za maneno humezwa nayo. Neno la toni inayoshuka linaweza kuimbwa likipanda, na wenyeji wakaelewa kutokana na maneno yanayolizunguka. Kikantoni cha Hong Kong si hivyo. Huko mtunzi hulazimika kuchagua maneno yanayopatana na mpando na mshuko wa lahani. Basi anayejifunza Kichina sanifu kwa nyimbo peke yake atapata msamiati na ufasaha wa ulimi, lakini toni, ambazo ndizo zinazotenganisha kununua na kuuza, hatazipata humo.

Baada ya hayo yote, askari aliyesoma kwa mwaka mmoja anaweza kufanya nini nacho? Anaweza kusalimu, kushukuru, kumtuliza mtu aliyepata ajali, kuelekeza njia. Hawezi kuandika maelezo ya mtuhumiwa, na asijaribu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Mahakama za Tanzania nazo hutaka ushahidi ufasiriwe kwa mshtakiwa asiyeifahamu lugha inayotumika. Mkalimani huyo awe mtu asiye na maslahi katika shauri. Meneja wa mtuhumiwa au mwenzake wa kazini hafai, hata kama ndiye pekee aliyepo usiku huo.

Faida kubwa ya masomo iko katika kusikiliza. Askari mwenye sikio lililozoezwa atatambua kwamba jibu la dakika mbili limerudi kwa Kiswahili likiwa neno moja. Atasikia kwamba mtuhumiwa alisema mǎi na mkalimani ameandikisha kuuza, naye atasimamisha kalamu na kuomba swali lirudiwe.

Vivyo hivyo kwa hesabu. Kumi ni shí, nne ni sì; kumi na nne ni shísì, arobaini ni sìshí. Wachina wengi wa mikoa ya kusini, ambao Putonghua kwao ni lugha ya pili, hutamka sh kama s, na hapo kumi na nne na arobaini hukaribiana hata Wachina wa kaskazini huuliza mara mbili. Wao wenyewe huondoa shaka kwa mkono: vidole vinne vilivyonyooshwa ni nne, na vidole viwili vya shahada vilivyopishanishwa kama msalaba ni kumi. Polisi anayehesabu magunia bandarini anaweza kumwomba mwenye mali amwonyeshe kwa vidole, kisha ampe kalamu aandike mwenyewe, kwa kuwa tarakimu za 14 na 40 Wachina huziandika kama zinavyoandikwa Dar es Salaam.